Kisiwa Kisicho na Makaburi

Ukitoka Karusandara ukashuka ziwani, ukapanda mtumbwi na kupenya kwenye mafunjo, utafika Kihogo kabla jasho la kubeba mzigo halijakukauka mgongoni. Kisiwa chenyewe ni kidogo. Mtu akiteleka maharage anaweza kukizunguka chote kwa miguu, akasalimia kila nyumba, akarudi, na maharage bado ni magumu. Lakini udongo wake ni mweusi, wa kunata kwenye jembe, na kaya kumi na saba zinakula hapo. Wanalima mahindi, muhogo, viazi vitamu, na vitunguu vile ambavyo soko la Kasese linavisifu kwa kuliza watu. Kiangazi, maji yakirudi nyuma, wanayafuata na majembe, wanapanda mboga kwenye tope hatua kwa hatua. Maji yakirejea, wanavuna huku wakirudi kinyumenyume. Kiboko naye hupita akachukua fungu lake bila kuomba.

Hapo ndipo anapoishi Vasta, mama mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Hakuzaliwa hapo. Alizaliwa Bwera, kule milimani karibu na mpaka, na mumewe Maate alipomleta kisiwani akiwa na miaka kumi na tisa alikaa chini akalia. Alisema, mtu anaishije mahali ambapo hakuna kupanda wala kushuka? Maate akacheka, akamwambia atazoea. Alizoea kwa miaka arobaini na minne. Mama mkwe wake alikuwa mkunga, akamfundisha kazi hiyo kwa maneno machache na makofi kadhaa ya mkononi. Mama mkwe alipofariki, mikono ya Vasta ikawa ndiyo mikono ya kwanza kumshika kila mtu aliyekuja duniani kupitia Kihogo. Ndiyo maana wakubwa kwa wadogo wanamwita mukaka, yaani bibi, hata wale wanaomzidi kimo mara mbili.

Sasa, Kihogo kuna kitu kimoja hakipo. Hakuna kaburi.

Wazee wa kina Maate walipoingia kisiwani walimzika mtu wao wa kwanza kando ya nyumba, kama watu wote wanavyofanya. Mwaka uliofuata ziwa likapanda, likala ukingo, likamtoa marehemu pamoja na mkeka wake mbele ya macho ya wanawe. Tangu siku hiyo walikubaliana: Kihogo hatuziki. Aliyekufa anavushwa, akalale ng'ambo kwenye udongo mkavu. Udongo wa kisiwa ni wa kuwalisha walio hai.

Lakini anayezaliwa, huyo anapandwa. Kondo lake la nyuma linafukiwa na mkunga chini ya chipukizi la mgomba. Msichana mgomba wa matoke, mvulana mgomba wa ndizi za pombe. Siku hizi wengine wanazaliwa hospitali, lakini kitovu kikikatika kinaletwa kimefungwa kwenye kitambaa, nacho kinafukiwa vilevile. Mgomba ukizaa unakatwa, chipukizi linashika nafasi yake, na shina zima linabaki na jina la mtu. Utasikia mama anamtuma mwanawe: "Nenda kanikatie jani kwa Asmah." Na Asmah mwenyewe ameolewa Bwera miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyeandika hayo popote. Yote yamo kichwani mwa Vasta.

Basi mwaka huo, mvua ya kwanza ikiwa imeanza, ikaja barua. Aliyeileta ni Eridadi, mwenyekiti waliyejichagulia wenyewe, mtu mzuri lakini mwenye haraka, ambaye hawezi kuliona tatizo bila kuliongezea lingine. Barua ilisema kuna watu wanaotaka kujenga nyumba za watalii Kihogo. Ofisi ingetuma mtu kuangalia: je, Kihogo ni kijiji cha wakazi, au ni mashamba tu ya watu wanaoishi ng'ambo? Kama ni mashamba, watu wavune walichopanda, kisha waondoke.

"Nyumba zetu hawazioni?" Vasta aliuliza.

"Wanasema nyumba za udongo na nyasi ni vibanda vya msimu, mukaka. Hata kadi zetu za kura zinasema Karusandara, kwa sababu ndiko tunakopigia."

Eridadi alivuka kwenda kuuliza ni ushahidi gani unaotakiwa. Karani mmoja akamwambia, bila kuinua macho: ardhi ya wazee inaonyeshwa kwa makaburi ya wazee. Nendeni mkaonyeshe makaburi.

Siku nne baadaye Vasta alikwenda kuchimba viazi nyuma ya kanisa lao la udongo, akakuta makaburi matano. Yalikuwa yamepangwa mstari, simenti mbichi bado, yamepakwa chokaa. Kwenye la kwanza mtu alikuwa ameandika kwa msumari: MAATE, 1998.

Akaweka kapu chini.

"Eridadi! Njoo hapa. Huyu ni Maate gani?"

Eridadi akatokea nyuma ya kanisa, simenti mpaka kwenye nyusi. "Si mume wako, mukaka. Hiyo ni simenti ya Hima, safi kabisa, mifuko mitano."

"Maate wangu amelala ng'ambo. Nilimvusha mwenyewe, nimempakata kichwa, mtumbwi unavuja. Wewe ndiye uliyekuwa unachota maji kwa kopo. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini wanataka makaburi. Nami nimewapa makaburi."

"Na mwaka umekosea. Alikufa elfu mbili na kumi na moja."

"Huo ni wa zamani zaidi, unaonekana vizuri. Nani atajua?"

"Maate atajua."

Eridadi akajifuta uso, akashusha sauti. "Mukaka, nakuomba. Miaka yote hii unaongea. Nyamaza siku moja tu, tuokoke."

Vasta akarudi kwenye matuta yake. Alichimba viazi vyake mpaka mpini ukalegea kwenye jembe, na kila alipoinua macho aliona lile jina. Si kwamba hakuogopa. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ng'ambo hakuwa na hata shubiri ya shamba, na kule Bwera kaka zake walikuwa wamegawana kilima mpaka fungu la mtu linatosha kutandika kitanda. Akiondolewa Kihogo, angekuwa mgeni wa watu mpaka afe. Mara mbili alijiambia, nitanyamaza. Mara ya tatu akawaza watoto watakaokua wakiambiwa Kihogo tunazika, na siku moja wakamzika mtu kweli, na ziwa likaja kumtoa.

Waliokuja siku ya siku walikuwa wawili. Mmoja ni Medius, dada wa ofisini, mwenye buti za mpira na faili kifuani. Wa pili ni Afande Akumu, askari polisi, mwanamke mrefu aliyetokea pande za mashariki, aliyekuja kumlinda asisumbuliwe. Kwa kuwa kila mmoja alitoka kwao na lugha yake, walikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na kile alichokuwa nacho.

Eridadi aliwaongoza moja kwa moja nyuma ya kanisa. Kijiji chote kikafuata.

"Hawa ndio wazee wetu," akasema, amevua kofia.

Medius akaandika. Akasogea kwenye la kwanza. "Huyu Maate alikuwa nani?"

Eridadi akamtazama Vasta kama mtu anavyoitazama sufuria ya maziwa inayoanza kupanda. Vasta akatoka katikati ya watu, akaenda, akaketi juu ya lile kaburi.

"Hamna mtu," akasema.

"Mama, unakaa juu ya kaburi?"

"Nimekaa juu ya simenti. Leteni jembe mchimbe. Mkikuta mtu humu, mimi naondoka leo hii na sufuria zangu."

Afande Akumu akageuka. "Mwenyekiti! Wewe nadanganya serikali?"

"Afande, mimi nilikuwa..."

"Kimya! Simama vizuri!"

Eridadi akasimama wima mpaka kofia ikamdondoka mkononi. Nabasa, jirani wa Vasta, mama wa watoto sita, akapiga kelele kutoka nyuma: "Vasta! Umetutupia nyumba zetu ziwani kwa sababu ya mutu aliyekufa!"

Medius akafunga faili. Hakuwa mkali, alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kudanganywa. "Basi imekwisha, mama. Mmejimaliza wenyewe."

"Bado," Vasta akasema, akainuka, akajipangusa chokaa. "Umeuliza waliokufa. Waliokufa wako ng'ambo, hatuwaziki hapa, na yule mutu wa ofisi angetuuliza tungemwambia. Sasa uliza waliozaliwa."

Akatangulia. Akawapitisha kwenye migomba, shina moja baada ya jingine, akiita majina: huu wa Asmah, huu wa Tonny, huu wa pacha, wawili shina moja. Alieleza kondo linavyofukiwa, na kwa nini wengine ni wa matoke na wengine wa pombe. Afande Akumu akasikiliza, akasema polepole kwamba hata kwao kondo linazikwa nyumbani. Lakini Medius akatikisa kichwa.

"Mama, nimekusikia. Ila mgomba hausemi. Hata mimi naweza kuonyesha mgomba wowote nikasema ni wa mtoto wangu. Na leo nimeshaonyeshwa makaburi matano."

"Mgomba hausemi, lakini wenyewe wana midomo. Nipe siku nane."

"Alhamisi ijayo napeleka ripoti. Jumatano nakuja mara ya mwisho."

"Njoo Jumatano. Na uje na kalamu yenye wino wa kutosha."

Siku sita. Kihogo simu inashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho karibu na gati ya mitumbwi. Vasta alipanda kichuguu hicho kila siku na simu yake ndogo ya tochi, amejifunga kanga kiunoni, akipiga kelele kana kwamba anawaita bila simu. Majirani hawakumsemesha. Nabasa alipopita kuchota maji aligeuza uso.

"Asmah! Uko sokoni? Funga vitenge vyako, Jumatano uje usimame kwenye mgomba wako... Ndiyo, kusimama tu. Utaulizwa jina... Hapana, mume wako hana mgomba hapa, mwache Bwera auze."

Tonny alikuwa mwanajeshi, na simu yake ilijibiwa kwa kunong'ona. "Mukaka, huku ni kambini. Mtu haombi ruhusa kwa ajili ya mgomba."

"Ulikuja miguu mbele, ukakataa kulia mpaka nilipokuchapa. Mwambie mkubwa wako mkunga wako anakuita. Kama yeye naye alizaliwa, ataelewa."

Philippe alikuwa akiishi Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Bwera. Mama yake alikuwa ameikimbia vita akiwa na mimba, akafika Kihogo, akamzaa hapo, na amani iliporudi wakarejea kwao. "Mama Vasta, ku mupaka wanasumbua watu," akasema, "lakini nitakuja. Nitakuja na bibi yangu, aone fasi nilizaliwa." Kwao bibi ni mke, na fasi ni mahali.

Na Bright, aliyekuwa kibarua wa kupakia malori ya simenti mjini Hima, alicheka. "Mukaka, mimi sasa mtu wa mjini. Niache kazi nije kusimama na ndizi? Huko kuna mbu."

"Hata huko uliko kuna mbu."

"Wa huku tunafahamiana," akasema Bright, akakata.

Jumatano asubuhi Vasta alikwenda gatini akakuta maji matupu na ndege. Akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa. Saa tatu, mafunjo yakatikisika. Mtumbwi wa kwanza ukatoka na Asmah ndani, kiatu mkononi, anamgombeza mpiga kasia. Nyuma yake ukaja mwingine, na mwingine. Kufika saa tano kisiwa kilikuwa na kelele kama siku ya harusi ambayo bibi harusi hajulikani.

Wala hawakusimama sawasawa. Wengine walikuwa hawajakanyaga Kihogo tangu utotoni. Kaka wawili waligombea shina moja mpaka wakataka kushikana mashati, na Vasta akaja kuwatenganisha: "Wewe ni huu. Wewe ni ule aliokula kiboko. Ulizaliwa umechelewa na bado unachelewa." Mama mmoja alikuta jirani amekata majani yake yote akawapa mbuzi, akataka kesi isikilizwe hapohapo. Mwingine alikuta mkungu umekomaa, akauliza ni wa nani. Tonny alifika na sare na buti, amepewa ruhusa mpaka saa kumi na mbili jioni, akasimama mbele ya mgomba wake kama analinda ghala la silaha.

"Legeza magoti, mjukuu," Vasta alimwambia. "Mgomba hautoroki."

Medius alipofika na Afande Akumu alisimama gatini kwa muda, anatazama. Migombani kote kulikuwa na watu. Lakini hakuwa mtu wa kushikwa kwa macho tu.

"Mama Vasta, njoo. Ugeuke utazame ziwa. Usigeuke mpaka nikuambie. Mimi nachagua mgomba, wewe unasema ni wa nani. Afande anakwenda kumuuliza aliyesimama pale. Na ninyi wote, kimya!"

Vasta akageukia maji. Mkono wake mmoja ulishika ncha ya kanga ukaizungusha, ukaizungusha.

"Wa nne kutoka kwenye choo!"

"Philippe. Mvua ilikuwa kubwa, mama yake ametembea siku tatu. Nilimkata kitovu kwa wembe niliouazima kwa katekista."

Afande akamwendea kijana aliyesimama hapo. "Jina?"

"Philippe, afande. Na huyu ni bibi yangu."

"Wa kwanza, nyuma ya nyumba yenye mlango wa bati!"

"Asmah. Kama anagombana na mtu, ndiye mwenyewe."

Watu wakacheka, na Asmah akajibu kwa ukali kwamba hagombani na mtu, jambo lililowafanya wacheke zaidi. Medius hakucheka. Aliita wa tano, wa kumi, wa ishirini. Alirudia mmoja makusudi kuona kama jina litabadilika. Halikubadilika. Kisha akaonyesha shina lililokuwa peke yake, majani yamechanika kwa upepo.

"Huo karibu na kisima cha zamani!"

"Bright."

Afande akaangalia huku na huku. "Hapa hakuna mutu!"

Eridadi, ambaye alikuwa amekaa pembeni tangu asubuhi, alinyanyuka kidogo. Ilionekana wazi kwamba miguu yake ilikuwa tayari kwenda kusimama pale na kuitwa Bright. Vasta, bila kugeuka, akasema: "Eridadi, kaa."

Akakaa.

"Andika hayupo," Vasta alimwambia Medius. "Yuko Hima, amekataa kuja. Amezaliwa hapa, lakini leo hayupo. Sitakupa simenti."

Medius akaandika. Alibaki na mgomba mmoja, wa mwisho, chini karibu na maji, mgomba wa matoke wenye shina nene, umepaliliwa vizuri kuliko yote.

"Na ule wa ukingoni?"

Kanga iliacha kuzunguka mkononi.

"Ednah," Vasta akasema.

"Ednah yuko wapi?"

"Ednah ni wangu. Yuko ng'ambo, karibu na baba yake. Alikuwa na miaka saba."

Hakungoja kuambiwa ageuke. Aligeuka mwenyewe, akapita katikati ya watu mpaka ukingoni, akasimama kwenye ule mgomba, ameweka kiganja juu ya shina. Akamtazama Medius uso kwa uso.

"Andika hapa yupo mutu," akasema. "Na uwaambie wakubwa wako, wakija kutuhamisha, waje na mitumbwi mingi. Mimi watanibeba nimekaa, na mgomba huu wataung'oa nimeushika. Hii shamba silimi tu. Nimepanda watu hapa."

Medius akaandika, halafu akasoma kwa sauti alichoandika, ili kila mtu asikie: makaburi, hakuna; wakazi huzika ng'ambo kwa desturi yao; waliozaliwa kisiwani na kuonekana kwa macho, thelathini na mmoja; ambaye hakuja, mmoja; marehemu, mmoja, mama yake amesimama badala yake.

"Siamui mimi," akasema. "Wanaamua wengine. Lakini hivi ndivyo nilivyoona, na hivi ndivyo nitakavyosema."

"Ukisema hivyo inatosha," Vasta akajibu. "Sasa kaeni mle viazi."

Ilipita miezi miwili na siku kadhaa. Katika muda huo Vasta alipanda muhogo mpya, zao la kungoja mwaka mzima, na walipomuuliza kama ana akili timamu alisema anayepanda mchicha ndiye anayejiandaa kuhama. Wengine walipoona hivyo, nao wakapanda muhogo. Barua ilipokuja, Eridadi aliisoma mara tatu, mara mbili kwa sauti: Kihogo kimeandikwa kuwa kijiji, na wenye nyumba za watalii wameelekezwa mahali pengine. Bright naye akapiga simu kutoka Hima, akauliza kama mgomba wake bado upo. Vasta akamwambia upo, una mkungu, na pombe ya mkungu huo atainywa mtu mwingine.

Eridadi alitaka kuyabomoa yale makaburi kwa nyundo, kwa aibu. Vasta akamzuia. Simenti mifuko mitano haitupwi. Alichukua jiwe gumu akakaa pale asubuhi nzima akiparua, mpaka MAATE akafutika na mwaka wake wa uongo ukafutika naye. Kisha akamwagia maji, akasugua chokaa, akaanika muhogo. Kumbe pale panakauka vizuri kuliko kwenye mkeka, na kuku hawafiki kirahisi.

Siku moja Nabasa akapita na kapu la muhogo uliomenywa, mweupe, unaotoa maji. Alikuwa hajamsalimia Vasta vizuri tangu ile siku ya kelele. Akasimama mbali kidogo, akatazama zile simenti tano zilizojaa, ila ile ya kwanza iliyobaki wazi upande mmoja. Akasita.

"Mukaka, niweke wapi?"

Vasta akasogeza muhogo wake kwa kiwiko, akampa nafasi.

"Weka tu," akasema. "Hapo hamna mtu."